Beki wa Namba Zote

Mke wangu anasema mimi hata usingizini nakaba. Mguu wa kulia unaruka, unampata kwenye muundi, kisha nageukia ukutani na kuendelea kukoroma kama mtu ambaye refa hakumwona. Simbishii. Ukinialika kwako ukanikalisha kwenye kochi, chai haijapoa utanikuta nimesimama dirishani. Msibani nakaa karibu na mlango. Nikingoja taa ya kijani pale robot, yaani taa za barabarani, nahamisha uzito mguu huu, mguu ule, mpaka watu wananitazama wakidhani nimebanwa na haja ndogo. Binti yetu Kiswahili anakielewa chote ila kujibu kwacho hataki, yeye huniambia "Eish, Baba!" na kunionyesha kiti kwa kidole.

Ugonjwa huu niliupata kwenye mpira. Nataka nieleze kwanza nilivyoupata, halafu ndiyo nieleze ulivyoninyima kazi niliyoitaka kuliko kitu chochote tangu niingie Johannesburg.

Nilianza Tanga, namba mbili, beki wa kulia, na nilikuwa mzuri, sijisifu. Siku moja beki wetu wa kushoto akapata malaria. Kocha akatutazama wote, akauliza nani anaweza kucheza kushoto. Nikanyoosha mkono. Mguu wangu wa kushoto wakati huo ulikuwa wa kutembelea tu. Lakini wiki hiyo hiyo timu ilikuwa imemleta namba mbili mpya kutoka Mwanza, jitu la watu, kifua kama mlango, na mimi nilishajua nitapelekwa wapi. Benchi. Jamani, benchi nililiogopa kuliko nilivyomwogopa baba yangu, na baba yangu alikuwa na mkono mzito. Kwetu tunasema mtu anasugua benchi, na waliolisugua nimewaona: wanaanza kwa kuchekacheka na wenzao, wanamaliza kwa kuuza njumu zao.

Basi nikacheza kushoto. Nilipiga mpira nje mara nyingi siku ile, lakini winga wao hakupita. Toka hapo ikawa mazoea. Nikaenda Dar, ligi kuu, na huko dirisha la usajili likifunguliwa roho inapanda kooni. Akisajiliwa namba tatu kutoka nje, mimi nahamia nne. Akija namba nne mrefu kuliko mimi, nahamia sita, mbele ya mabeki, nakimbia kama kichaa. Kipa alipolimwa kadi nyekundu na mabadiliko yamekwisha, nani alivaa glovu? Mimi. Na penalti nikadaka, ukitaka kujua, ingawa yule mpigaji alipiga kama anampasia mwanawe. Walikuwa wananiita kiraka. Kwetu hilo si tusi hata kidogo, mchezaji kiraka makocha wanamlilia. Mama yangu alikuwa anawaambia majirani, "Mwanangu hachaguliwi namba, namba ndizo zinamchagua." Alikuwa hajui mpira, lakini maneno alikuwa nayo.

Wakala mmoja akanileta huku. Timu yangu ilikuwa upande wa mashariki wa jiji, daraja moja chini ya ligi kubwa, mshahara unatoka kwa wakati, viwanja vya nyasi kweli. Nikacheza kulia, kushoto na katikati, kwa kadiri wenye namba zao walivyoumia na kupona. Akipona mwenye namba yake, mimi nasogea. Sikulalamika. Wenzangu walikuwa wananicheka kwamba nikifa nitazikwa katikati ya makaburi mawili ili nimzibie yeyote atakayefufuka.

Halafu tajiri wetu akaiuza timu. Hapa mtu anaweza kuuza nafasi ya timu yake kwenye ligi kama anavyouza gari. Mnunuzi akaihamishia mkoa wa mbali, akaja na wachezaji wake, na sisi tukaambiwa asanteni. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na goti la kulia linajaa maji kila baridi ya Juni ikiingia. Tanga sikurudi. Aibu, nisikufiche. Mtu aliyesindikizwa na mtaa mzima hawezi kurudi na begi lile lile.

Nikapanga chumba Bellevue, kwenye jumba la zamani lililokatwakatwa kwa mbao, vyumba vimebanana kiasi kwamba jirani akipiga mswaki unasikia anasukutua. Nikapata kazi kwenye duka la matairi. Nikamwoa Mrundi, msusi, ana kiti chake saluni moja Yeoville. Anasema alinipenda kwa sababu niliingia pale kuuliza njia, nikaambiwa nikae, nikabaki saa nzima nimesimama nikizungumza naye. Alidhani ni adabu.

Yeye ndiye aliyeniambia kuhusu timu ya Jumapili. "Nenda ucheze," alisema, "maana hii nyumba ni ndogo na weye unazunguka ndani yake kama nzi." Nikaenda.

Timu ile ni ya watu wa mataifa manne: Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi Watanzania. Mwenyekiti ni mzee wa Kikongo, fundi cherehani, wote tunamwita Papa, hata wanaomzidi umri. Inayo sheria moja, haijaandikwa popote na hakuna asiyeijua: refa akipiga filimbi ya kwanza, kila taifa liwe na mtu wake uwanjani. Akikosekana Mrundi, Warundi hawaji kushangilia, na wao ndio wenye ngoma. Akikosekana Mkenya, hakuna gari la kubeba mipira na maji. Akikosekana Mtanzania, tunanuna, na sisi tukinuna tunanuna kwa maneno mengi. Wakongo hawakosekani, ndio wengi, na jezi kashona Papa kwa mkono wake.

Kwa hiyo kikosi hakipangwi na kocha peke yake. Kinapangwa Jumamosi mchana dukani kwa Papa, wajumbe wa kila taifa wakiwa wamekaa juu ya majora ya vitenge, Papa akiendelea kupinda suruali za watu. Huyu wetu anataka namba nne. Hapana, namba nne ni ya huyu wetu. Kelele, Kifaransa kinaingia, mtu anatishia kuondoka. Mwishowe wote wananigeukia mimi. "Mtanzania ahame." Nami nahama. Nilikuwa nahama huku natabasamu, kwa sababu popote walikonisukuma kulikuwa bado uwanjani.

Kocha wetu wa zamani alipopata kibali cha kuhamia Kanada na familia yake, hakuna aliyebishana sana. Papa alitoa pini mdomoni akasema, "Huyu anajua namba zote. Atafundisha namba zote." Wajumbe wakaitikia. Mimi mwenyewe niliona ni kweli kabisa. Nani angeweza kumfundisha beki wa kushoto kuliko mtu aliyekuwa beki wa kushoto, na wa kulia, na wa katikati? Nikawa kocha mchezaji. Ukweli ni kwamba nilikuwa mchezaji anayepiga kelele zaidi kuliko zamani.

Mjumbe wa Wakenya ni mtu wa benki, anaishi Randburg, mpole, viatu vyake hata uwanjani vinang'aa. Siku moja baada ya mazoezi akanivuta pembeni ya gari lake.

"Bro, shule ya watoto wangu wanatafuta kocha wa mpira. Kazi ya kudumu. Nimewaambia kukuhusu."

"Cheti sina."

"Watakusomesha. Wanataka kwanza kuona mtu anavyofundisha. Mkuu wa michezo atakuja mechi yetu ya mwisho. Ni mama mmoja, hapendi mzaha. Sasa wewe, siku hiyo, kuwa kocha. Umenielewa? Kuwa kocha."

Nikamwambia nimeelewa. Nilitembea mpaka nyumbani badala ya kupanda taxi, na nilipofika nilikuwa nimeshajiona: asubuhi naingia getini, walinzi wananisalimia Kocha, nina filimbi shingoni, nina kabati lenye ufunguo. Usiniulize kwa nini kabati. Maisha yangu yote nimebadilishia nguo kwenye ndoano ya mtu mwingine. Niliitaka ile kazi kuliko chakula. Mke wangu alinitazama nikisukuma ugali upande huu na upande ule wa sahani, akasema, "Utaipata. Lakini kula."

Na mechi yenyewe, kama vile Mungu ananitania, ndiyo iliyokuwa ya kutuokoa au kutuzika. Tukifungwa tunashuka daraja. Sare haitoshi. Lazima tushinde.

Jumamosi dukani nikawaambia kamati, kesho sichezi. Nitasimama kwenye mstari. Papa akasimamisha cherehani.

"Na Watanzania?"

"Fundi bomba atacheza."

Huyu fundi bomba ni ndugu yetu mwenye kitambi cha heshima, alikuwa anakuja mazoezini kwa ajili ya soda. Wote wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka, lakini nilishikilia. Nitamweka mbele kabisa, nikasema, asimame tu karibu na goli lao, awachoshe macho. Wakakubali kwa shingo upande. Papa akanielekezea mkasi. "Sawa. Lakini njumu uvae. Na bukta uvae chini ya suruali. Mambo yakiharibika, unaingia."

Hapo nilipaswa kusema hapana. Nikasema sawa, Papa.

Kesho yake mke wangu aliniona nafunga kamba. "Unaenda kufundisha ama unaenda kucheza?"

"Kufundisha."

"Mbona njumu?"

"Nyasi zinateleza."

"Mvua haijanyesha wiki nzima, we mwanaume," alisema, akachukua mwavuli wake wa jua, akamshika binti mkono, tukatoka.

Yule mama wa shule alikuwa ameshafika. Kofia nyeupe, miwani ya jua, amekaa kwenye kiti chake cha kukunja karibu na gari la Mkenya. Alinipungia mkono. Nikampungia. Ngoma za Warundi zilikuwa zimeanza nyuma yetu.

Tulianza vizuri ajabu. Fundi bomba, Mungu wangu, alijikuta mbele ya goli, mpira ukampiga kwenye goti ukaingia. Moja bila. Alikimbia kushangilia akashindwa kufika kwenye kibendera. Nikapiga makofi kikocha, mikono juu ya kichwa, nikamtazama yule mama kwa pembe ya jicho. Alikuwa anatabasamu.

Matatizo yalikuwa kushoto. Namba tatu wetu ni Mrundi, kinyozi, anatoka mtaa mmoja na mke wangu huko kwao Bujumbura. Kijana mzito kidogo, mtiifu, hajawahi kuchelewa mazoezi. Anajua namba tatu peke yake, ukimweka kwingine anapotea. Siku hiyo alikuwa amemleta mama yake, aliyekuwa amefika nchini hata mwezi haujaisha; walisimama yeye na mke wangu chini ya mwavuli mmoja. Na ambaye kinyozi alipewa amkabe alikuwa winga mwembamba wa Kizulu, mbio kama kaziazima kwa swala, anacheka huku anakimbia.

Kosa la kinyozi nililiona mapema sana. Alikuwa anamwendea yule winga moja kwa moja, anauvamia mpira. Winga anangoja avamie, anausukuma mbele kwenye mstari, kwaheri. Alitakiwa kusimama nje kidogo, kuufunga mstari kwa mwili, amwachie njia ya ndani. Ndani kuna watu, ndani angepotea. Maneno mawili tu. Mpe ndani. Na alikuwa akikimbia mbele yangu, hatua chache kutoka nilipo, naona mpaka jasho la nyusi zake.

Sikuyasema. Nilikuwa nashindwa hata kuyafikiria vizuri, kwa sababu miguu yangu ilikuwa inamkaba yule winga. Kila alipopokea mpira mimi huku nje nilirudi nyuma, nikafungua nyonga, nikahama naye. Binti yangu akasema, "Baba, you're dancing," na watoto wenzake wakacheka. Nikapiga kelele ovyo. "Amka! Amka wewe!" Hilo si fundisho, hilo hata mlevi wa kwenye spaza, kiduka cha mtaani, anaweza kulisema.

Wakasawazisha kipindi cha pili, krosi kutoka upande ule ule. Ngoma zikanyamaza. Kinyozi akainama, mikono magotini, akageuza kichwa kunitazama. Alikuwa ananiuliza kitu kwa macho. Nilichokuwa nafanya wakati ananitazama ni kuvua suruali.

Sikuwaza. Nasema kweli, sikuwaza hata kidogo. Nyuma yangu Papa alikuwa anapiga kelele, "Ingia, mwana, ingia!" na Watanzania wanaimba, na bukta nilikuwa nayo, na njumu nilikuwa nazo. Nikamwita refa. Kinyozi alipita kando yangu akitoka, nikampiga bega, nikasema "pole" na macho yangu yalishafika kwa winga.

Na raha yake! Nikudanganye ili iweje? Nilipokanyaga ndani ya mstari kelele zote kichwani zilizimika. Goti halikuuma. Yule kijana alipokuja mara ya kwanza nikasimama nje, nikampa ndani, akaingia katikati ya Wakongo wawili wakamla. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu hakucheka tena. Dakika za mwisho nikampokonya, nikapanda na mpira mpaka kwenye kona yao, nikatia krosi kwa mguu ule ule wa kushoto, Mkongo wetu mmoja akaruka na kichwa. Mbili moja. Filimbi.

Walinibeba juu. Papa alikuwa analia, kofia imemwanguka. Nikiwa huko mabegani mwa watu nilitafuta kofia nyeupe, nikaiona, imesimama karibu na gari. Nilijua nimeipata kazi. Nani asingenipa, kwa mchezo ule?

Nilimfuata natweta, nimelowa. Mkenya alikuwa anatazama viatu vyake. Yule mama alinipa mkono, akanishika kwa mikono miwili. Alisema Kiingereza, nakusimulia nilivyomwelewa.

"Hongera. Wewe ni mchezaji mzuri mno."

"Asante, mama."

"Yule beki uliyemtoa. Alikuwa anafanya kosa moja, mara kwa mara. Uliliona?"

"Mapema sana," nikasema, kwa majivuno kabisa, na nikamweleza: anavamia, alitakiwa ampe ndani. Nilimwonyesha hata kwa miguu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, anaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, "Na yeye ulimwambia nini, kabla hujamtoa?"

Nikatafuta. Amka, nilisema. Pole, nilisema.

"Nilikuja kuona hilo tu," alisema. Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma. "Kwetu nina watoto wengi wanaokosea jambo moja mara kwa mara." Akakunja kiti chake. Mkenya alimfungulia mlango wa gari.

Jibu kamili lilikuja katikati ya wiki, kwa simu, nikiwa na tairi mkononi. Wamemchukua mtu mwingine. Pole sana, bro. Nililibana tairi lile kwa nguvu hata bosi akauliza limenikosea nini.

Nilitegemea mke wangu anifariji. Tangu Jumapili alikuwa ananijibu kwa mkato, na siku hiyo nilipomwambia kazi imekwenda alikuwa anaosha vitana, hakugeuka.

"Ulitaka kazi ama ulitaka mpira?"

"Nilitaka vyote."

"Mama wa yule kijana uliyemtoa aliniuliza, mbona wamemtoa mwanangu, ameumia? Nikasema ndiyo, ameumia. Nimemdanganya mama mtu mzima kwa ajili yako. Hakungoja mwisho, aliondoka na mwanae, huku nyinyi mnaimba." Akavikung'uta vitana. "Kazi nakuhurumia. Hiyo nyingine siwezi."

Nilitoka nje. Nilizunguka Bellevue yote, nikapanda Rockey Street, nikashuka, nikapanda tena. Nilikuwa na hasira na kila mtu: Mkenya, yule mama, Papa na bukta yake, kinyozi mwenyewe na uzito wake. Hasira zilipokwisha kwa wote hao nikabaki mimi, na kwangu hazikuisha.

Jumamosi nikaenda dukani kwa Papa. Walikuwa wamenunua soda, kuna keki, wananipigia makofi naingia. Timu imebaki kwenye daraja. Papa akasimama rasmi, tepu ya kupimia shingoni.

"Tumekaa kama kamati," alisema, "tumeona tunakuchosha. Kuna ndugu amefika kutoka Lubumbashi, alifundisha timu kule. Atachukua ukocha. Weye utakuwa huru, utacheza tu."

Sikuelewa mara moja. "Mnanitoa?"

"Kukutoa?" Papa alishangaa kweli kweli, mzee wa watu, hakuwa na nia mbaya hata chembe. "Kocha tutapata popote, mwana. Weye tutakupata wapi?"

Wakapiga makofi tena. Nilisimama pale na kipande cha keki mkononi, nimesifiwa kuliko siku zote za maisha yangu, na nimepoteza kazi ya pili ndani ya wiki moja. Nikaweka keki juu ya meza ya kukatia.

"Papa, mimi sichezi tena. Mkitaka kocha, nipo. Mkitaka beki, tafuteni."

Kelele zote kwa pamoja, na Watanzania ndio waliopiga zaidi: unatuachia fundi bomba! Papa aliinua mkono wakanyamaza. Alikwenda nyuma ya pazia, akarudi na jezi, namba tatu mgongoni, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Basi anza na hii," alisema. "Kinyozi ameirudisha jana. Hakutaka hata kukaa. Warundi nao wanasema ngoma zao zinapumzika."

Nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaenda.

Kinyozi anafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba moja hapo Bellevue, kioo kimoja, viti viwili. Alikuwa ananyoa mteja, mzee fulani mwenye shuka jeupe shingoni. Aliniona kwenye kioo, akaendelea. Nikamsalimia. Akaitikia, adabu zake hajaziacha. Nikamuuliza kuhusu mama yake. Mzima, anapika. Nikamwambia nimekuja kumwomba arudi. Mashine ilikuwa inanguruma, nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti.

"Mkubwa," alisema, macho hayatoki kwenye kisogo cha mteja, "weye unacheza namba zote. Mimi najua moja tu. Hiyo moja nayo ukanipokonya, mama yangu anatazama."

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, ya timu na umoja na Warundi, yote yakanitoka. Yaliyobaki ni yale mawili, yaliyokuwa yamenikwama tangu Jumapili.

"Ulikuwa unamvamia," nikasema. "Yule winga. Usimwendee. Simama nje kidogo, ufunge mstari. Mpe ndani."

Akazima mashine. Mzee wa watu alitutazama kwenye kioo, mmoja, kisha mwingine.

"Hiyo ulikuwa unaijua siku ile?"

"Tangu mwanzo wa mechi."

"Nilikuangalia, mkubwa. Goli lilipoingia nilikuangalia weye."

"Nilikuona."

Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka bila neno. Alijipangusa uso kwa mkono uliojaa nywele, akatazama sakafu, kisha akasogea katikati ya chumba, mashine bado mkononi, akainama kidogo jinsi anavyoinama uwanjani.

"Na mguu wa nyuma," alisema, sauti yake imekauka, "naweka wapi?"

Nikaweka mfuko wa jezi chini. Hakuutupia jicho. Nikamshika kiuno nikamgeuza, nikausogeza mguu wake wa kushoto kwa mguu wangu, polepole, juu ya nywele za watu zilizotapakaa, na yule mzee amenyolewa upande mmoja anatungoja.